Kabla ya kuipeleka mtandaoni gemu ya mchezaji mmoja: namna ya kuamua na kujaribu

Katika Skyrim, gemu ya mfululizo wa The Elder Scrolls iliyotoka Novemba 2011, mchezaji anayekaribia kuuawa na joka hufungua begi lake. Joka linaganda hewani, mdomo wazi, na moto wake unasimama kama picha ukutani. Mchezaji anakula kabichi, anakula jibini tano, anakunywa dawa mbili, anabadilisha upanga, kisha anafunga begi. Hapo ndipo joka linaendelea kutema moto, likimkuta mzima kabisa.

Mweke mchezaji wa pili pembeni yake, na joka haliwezi tena kumsubiri wa kwanza amalize jibini. Ukilisimamisha, unamsimamisha na yule wa pili aliyekuwa katikati ya kurusha mshale. Usipolisimamisha, umeondoa kitu ambacho gemu nzima ilijengwa juu yake: dawa ziliwekwa nyingi kwa sababu begi husimamisha vita, na majoka yalipewa nguvu ile kwa sababu dawa ni nyingi. Kwa hiyo timu inayofikiria kuupeleka mtandaoni mfululizo wa gemu za uhusika, zile ambazo mchezaji huunda mtu wake na kumkuza hatua kwa hatua, isianze na idadi ya seva. Ianze na swali hili: muda wa gemu ni wa nani?

Mwongozo huu ni wa timu hizo, ndogo au kubwa, na wa mchezaji yeyote anayetaka kujua kwa nini mfululizo anaoupenda ulibadilika ulipofika mtandaoni.

Andika mali za mchezaji, kisha kata

Chukua karatasi moja. Upande wa kushoto andika kila uwezo ambao mchezaji wa sasa anao peke yake. Kwa mifululizo mingi orodha huwa hii: kusimamisha gemu, kusevu popote, kurudi nyuma akikosea, kuruka usiku kwa kulala kitandani, kumwua mhusika yeyote na akabaki amekufa, kuiba kitu na kikabaki kimeibwa, kuwa shujaa pekee aliyetabiriwa, kuongeza modi (mabadiliko ya gemu yanayotengenezwa na wachezaji), kuchagua ugumu wa gemu. Upande wa kulia andika nini kinatokea kwa mwenzake akitumia uwezo huo.

Kulala kitandani kunaonyesha jambo hili vizuri. Mmoja akiruka muda wa saa nane, mwenzake aliyekuwa dukani anakuta duka limefungwa. Kusevu ni kugumu zaidi: ukirudisha gemu ya Asha nyuma dakika kumi, upanga alioupata Juma katika dakika hizo uende wapi?

Kata kila mstari usioweza kubaki. Kisha hesabu, na zaidi ya kuhesabu, tazama ni mistari ipi umekata. Mfululizo unaopendwa kwa mapigano, silaha na kutembea ardhi pana hupoteza kidogo. Unaopendwa kwa sababu maamuzi ya mchezaji yanabadilisha dunia hupoteza karibu kila kitu, kwa kuwa dunia moja haiwezi kubadilishwa na watu elfu wenye maamuzi tofauti.

Mfululizo wa Fallout unaonyesha kukata huku waziwazi. Katika Fallout 3 mchezaji hubonyeza kitufe, muda unasimama, naye anachagua kiungo cha kulenga huku akiona asilimia ya kupata kwa kila kiungo. Fallout 76 ilipotoka Novemba 2018, ikiwa na hadi wachezaji 24 katika dunia moja, kitufe kilikuwepo lakini muda haukusimama tena. Jina lilibaki lile lile, ila ule utulivu wa kupanga shambulio haukuwepo, na ndio waliokuwa wakiufuata wachezaji wengi wa zamani.

Chagua ukubwa kabla ya kuchagua teknolojia

Kosa la mara kwa mara ni kudhani kuna njia mbili tu, peke yako au maelfu. Zipo angalau tatu, na gharama zake hazikaribiani.

Ya kwanza ni kugusana bila kukutana. Demon's Souls ya mwaka 2009 iliwaacha wachezaji kuandikiana ujumbe sakafuni na kuona madoa ya damu mahali wengine walipofia. Kwa njia hii kila mmoja yuko katika dunia yake, na seva inabeba data kidogo tu. Kwa mfululizo wenye upweke kama sehemu ya ladha yake, hii ndiyo tunayoipendekeza kwanza, na inasikitisha kwamba timu chache huifikiria.

Ya pili ni kikundi cha watu wawili hadi wanne katika gemu ya mmoja wao. Baldur's Gate 3, iliyotoka rasmi Agosti 2023, inaruhusu wanne. Inawezekana vizuri kwa sababu vita vyake huenda kwa zamu: swali la muda ni wa nani lilishajibiwa hata kabla ya mtandao, kwani muda ni wa mwenye zamu. Mfululizo wako ukiwa wa zamu, njia hii iko mlangoni. Ukiwa wa vita vya papo kwa papo, utalazimika kuondoa kusimamisha, au kumpa mwenye gemu peke yake haki hiyo.

Ya tatu ni dunia isiyozimwa, yenye mamia au maelfu. Hapo hutengenezi gemu tu. Unafungua mji unaohitaji walinzi, wafagiaji na umeme usiku na mchana. Ultima, mfululizo wa mchezaji mmoja, ulifungua mji wa namna hiyo Septemba 1997 kwa Ultima Online. Watengenezaji walikuwa wameandaa mfumo wa ikolojia ambamo wanyama wanaliwa na wanyama wengine na kuongezeka kwa kiasi. Wachezaji walipoingia waliua kila kilichotembea, na mfumo ule haukupata nafasi hata ya kuonekana, ukaondolewa. Kilichojengwa kwa mtu mmoja mwenye udadisi hakihimili umati wenye njaa ya zawadi.

Jaribu misheni moja, kwa wiki mbili

Usijenge seva bado. Chagua misheni moja ya kawaida ya takriban dakika 30 kutoka gemu iliyopita, yenye mazungumzo, safari, pango na bosi (adui mkuu wa mwisho). Waketishe watu wanne. Kama huna programu ya kuwaunganisha, mmoja ashike gemu na wengine waseme wanachofanya, huku mtu wa tano akiwa na saa ya mkononi na daftari.

Andika dakika ambazo kila mtu alikaa bure. Mazungumzo ndiyo huwa chanzo kikuu: mmoja anasoma maneno ya mzee wa kijiji, wa pili ameshayajua, wa tatu anaruka-ruka juu ya meza, na wa nne ameshafika pangoni. Kipimo chetu ni kwamba yeyote akikaa bure zaidi ya theluthi moja ya muda, misheni hiyo iandikwe upya. Kumwongezea kasi ya kutembea hakutasaidia.

Rudia na watu wengine mara nne au tano. Angalia pia ni nani anayechagua jibu. Kama watatu hawakuulizwa kitu katika dakika 30, wamekuwa walinzi wa mtu mwingine, na hakuna aliyenunua gemu ya uhusika ili awe mlinzi.

Tia ucheleweshaji kwa makusudi

Gemu ikishaunganisha mashine mbili ofisini, kila kitu kitaonekana laini, kwa sababu waya una mita tano. Hali hiyo inadanganya. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi pekee ni milisekunde 70, na mkongo haunyooki: unazunguka baharini, unapita vituo, kisha unamalizikia kwenye mnara wa simu. Mchezaji wa Tanzania, Kenya au Uganda kwenye seva ya Ulaya atarajie milisekunde 150 na kuendelea. Seva zilizoko Afrika Kusini husaidia mara nyingine, si mara zote, maana pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafiri, hufuata mikataba ya kampuni za mtandao, hata kama ramani inaonyesha njia fupi.

Kwenye mashine ya Linux, iga hali hiyo hivi:

tc qdisc add dev eth0 root netem delay 80ms 20ms loss 1%

Badilisha eth0 kuwa jina la kadi yako ya mtandao, na endesha kwa mamlaka ya msimamizi. Amri hii huchelewesha pakiti kwa milisekunde 80, kuongeza au kupunguza 20, na kupoteza moja kati ya mia, lakini hugusa zinazotoka tu. Ukiiweka upande mmoja, safari nzima inaongezeka milisekunde 80. Ukiiweka pande zote mbili, inakuwa 160. Wengi huiweka upande mmoja, wakapima nusu ya tatizo, wakafurahi. Ukimaliza, iondoe kwa kuandika del badala ya add na kuishia kwenye neno root, la sivyo kesho utatafuta hitilafu isiyokuwepo.

Sasa piga upanga. Kama gemu ya zamani ilimpa mchezaji milisekunde 200 za kukwepa pigo, na 160 zimeliwa na safari, amebakiwa na 40, ambazo hakuna binadamu anayeweza kuzitumia. Dawa zipo mbili. Ongeza muda wa adui kuinua silaha hadi milisekunde 600 au 700, jambo linalobadilisha mwendo wa vita vyote. Au acha kifaa cha mchezaji kiamue kama alikwepa, seva ikague baadaye, na ukubali kwamba wadanganyifu watautafuta mlango huo. Kwa vita dhidi ya maadui wa gemu, njia ya pili inavumilika. Kwa wachezaji wanaopigana wenyewe kwa wenyewe, usiifikirie.

Hesabu data kabla watu hawajajaa sokoni

Tuseme taarifa za mwili mmoja, yaani alipo, anakoelekea na anachofanya, ni baiti 40, zikitumwa mara 10 kwa sekunde. Wachezaji 100 wakikutana sokoni, kila kifaa kinapokea taarifa za wengine 99: 99 × 40 × 10, sawa na baiti 39,600 kwa sekunde. Seva inawatumia wote 100, kwa hiyo inatoa karibu megabaiti 4 kila sekunde. Wakifika 200, seva haitoi 8 bali karibu 16. Watu wakiongezeka mara mbili, mzigo huongezeka mara nne, na hapo ndipo seva nyingi huangukia siku ya uzinduzi.

Itazame pia kwa jicho la anayenunua bando. Baiti 39,600 kwa sekunde ni takriban megabaiti 143 kwa saa. Tengeneza miduara: walio ndani ya mita 20 watumwe mara 10 kwa sekunde, walio kati ya mita 20 na 60 mara mbili, wa mbali zaidi wasitumwe. Kama walio karibu ni 15 na wa kati ni 30, inabaki baiti 8,400 kwa sekunde, yaani megabaiti 30 kwa saa.

Kisha kuna mchoro wenyewe. Final Fantasy XIV ya kwanza, Septemba 2010, ilitoka ikiwa imejaa mapambo mazito. Naoki Yoshida, aliyekabidhiwa gemu hiyo Desemba mwaka huo, alieleza hadharani kwamba chungu kimoja cha maua kilikuwa na poligoni (vipande bapa vinavyounda umbo) 1,000 hivi, sawa na mwili wa mchezaji. Kwa gemu ya mchezaji mmoja chungu hicho ni fahari. Mtandaoni kinakula nafasi ya watu. Seva zilizimwa Novemba 2012, gemu ikajengwa upya, ikarudi Agosti 2013 na ikasimama. Kampuni chache zina uwezo wa kujenga gemu moja mara mbili, kwa hiyo hesabu mapema.

Vitu visizaliane

Mchezaji wa peke yake akidanganya, amejidanganya mwenyewe. Mtandaoni, upanga mmoja ukizaliana mara elfu, jasho la kila mchezaji limeshuka thamani. Kinavyotokea ni hivi: Asha anampa Juma upanga. Seva inaandika kwanza kwenye begi la Juma, kisha inataka kufuta kwenye la Asha. Katikati, Asha anachomoa mtandao au anailemea seva mpaka inaanguka. Seva inapowaka tena, Juma ana upanga na Asha ana upanga.

Kinga yake: kila kitu cha thamani kiwe na namba yake ya pekee tangu kinapozaliwa, na hifadhidata ikatae namba moja kuwa na wenyewe wawili. Kuhamisha kuwe tendo moja ndani ya hifadhidata, ama kumefanyika kote ama hakukufanyika kabisa. Kifaa cha mchezaji kiseme "nataka kumpa Juma kitu namba fulani", kisiseme "Juma sasa ana upanga". Na weka kumbukumbu ya kila uhamisho kwa angalau siku 90, maana udanganyifu mwingi hugunduliwa wiki kadhaa baada ya kuanza.

Jaribu kwa kuua seva makusudi katikati ya biashara, mara 500, kwa programu ndogo ya kujiendesha. Hesabu panga kabla na baada. Idadi isipolingana hata mara moja, usizindue.

Hadithi ya mteule

Hapa ndipo roho ya mfululizo huokoka au hufa. Gemu nyingi za aina hii humwambia mchezaji kwamba yeye ndiye aliyetabiriwa. Akitoka nje ya hekalu na kukuta wateule 60 wamepanga foleni kwa mzee yule yule, maneno ya mzee yamekwisha nguvu.

The Elder Scrolls Online, iliyotoka Aprili 2014, ilijaribu kuificha foleni hiyo kwa kuwaonyesha wachezaji hali tofauti za mahali pamoja kulingana na hatua zao. Kijiji kilichookolewa kikaonekana kimeokolewa kwako. Lakini marafiki wawili wenye hatua tofauti walisimama mahali pamoja bila kuonana, na walikuwa wameingia mtandaoni ili waonane. Oktoba 2016 sasisho la One Tamriel lilisawazisha nguvu za wachezaji na kufungua maeneo yote, kila mtu akaenda anakotaka na yeyote. Fundisho la kiufundi ni hili: tenganisha hali za dunia ndani ya vyumba vidogo tu, kama pango au nyumba, na uache barabara na masoko yawe ya wote.

Usiondoe wahusika wa gemu ukidhani wachezaji watajaza nafasi yao. Fallout 76 ilizinduliwa bila binadamu wa kuzungumza nao, hadithi ikiwa kwenye kanda za sauti na barua za marehemu. Wahusika binadamu waliletwa na sasisho la Wastelanders Aprili 2020. Wachezaji wenzako watakusaidia kumpiga bosi, ila hawatakuambia kwa nini kijiji kilihamwa.

Na acha njia ya kumaliza hadithi kuu peke yako. Final Fantasy XIV imekuwa ikielekea huko: tangu toleo la Aprili 2022, mapango mengi ya hadithi kuu yanaweza kuingiwa pamoja na wahusika wa gemu badala ya wageni. Gemu ya mtandaoni yenye mafanikio makubwa imetumia fedha na miaka kurudisha kile ambacho gemu za zamani zilikuwa nacho bure. Tukiulizwa mfululizo wa mchezaji mmoja uhame mzima kwenda mtandaoni, jibu letu ni hapana, na ushahidi mkubwa tunauona hapo.

Timu, malipo na siku ya kuzima

Ukishaamua kutengeneza, usiwatoe watu waliotengeneza gemu kuu kwenye kazi yao. The Elder Scrolls Online ilitengenezwa na ZeniMax Online Studios, kampuni iliyoanzishwa 2007 kwa kazi hiyo, si na timu ya Skyrim. Tawi la mtandaoni lipewe jina lake, lisipewe namba ya mfululizo. Anayefuata hadithi namba kwa namba asilazimike kulipa kila mwezi ili asiruke moja.

Ada ya mwezi ni ngumu kuishikilia. Star Wars: The Old Republic, iliyofuata gemu mbili za mchezaji mmoja, ilitoka Desemba 2011 na kufungua mlango wa bure Novemba 2012. The Elder Scrolls Online ilianza na dola 14.99 kwa mwezi, ikaondoa sharti hilo Machi 2015. Panga bajeti ya miezi 24 ya kuendesha seva, wahudumu na walinzi wa usalama bila kutegemea ada, na kama haitoshi, rudi kwenye kikundi cha wanne.

Mwisho, andika utaratibu wa kuzima kabla ya kuwasha. Seva za Demon's Souls kwenye PlayStation 3 zilizimwa Februari 2018, na gemu ikaendelea kuchezeka, bila madoa ya damu. Dragon Quest X, iliyotoka 2012 ikiwa ya mtandaoni, ilipata toleo la nje ya mtandao Japani Septemba 2022, miaka kumi baadaye. Fanya jaribio hili kila toleo jipya linapokamilika: chomoa waya wa mtandao kwenye mashine ya majaribio, washa gemu, na uandike inapokwama. Kuunda mhusika, kufungua gemu iliyosevuliwa na kutembea hadithi kuu hadi mwisho viwezekane. Kinachokwama kipelekwe kwa mtengenezaji wiki hiyo hiyo, kingali kinatengenezeka.